Mlio wa Mashine na Mlio wa Kanda: Kukusanya Kazi ya Maisha ya Mpiga Kinanda

Mwaka 1944 huko Cairo, Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda kunasa sherehe ya zaar, ile ya kupunga pepo. Aliirudisha sauti ile studio, akaziondoa sehemu zake za chini, akabakiza zile za juu zinazoelea, akaipitisha kwenye chumba cha mwangwi na kuinasa upya. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, anayesifiwa kuanzisha muziki wa sauti zilizonaswa, alitoa vibao vyake vya kelele mwaka 1948, miaka minne baadaye. Kilichosalia cha kazi ile ya Cairo ni kipande cha dakika mbili hivi, nacho kimo kwenye albamu ya mkusanyiko ya El-Dabh iliyotoka mwaka 2000, Crossing Into the Electric Magnetic, pamoja na kazi alizozifanya baadaye Marekani katika kituo cha muziki wa elektroniki cha Columbia-Princeton.

Kisikilize kipande hicho kwa spika nzuri. Kuna mvumo, kuna sauti zinazokuja na kupotea kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Sasa jiulize: kipi hapo amekiweka El-Dabh, na kipi kimewekwa na waya?

Swali hilo humsubiri kila anayekusanya kazi za mtu aliyetumia mashine. Gitaa la benga sikio linalijua; likilia vibaya, hata mtoto wa Kondele, Kisumu, atakwambia kanda imevutika. Sauti ya sintesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme, haina mfano wake nje ya ile sintesaiza. Ikiyumba, huenda mwenyewe aliiyumbisha kwa makusudi. Ikikwaruza, huenda ndiyo ladha aliyoitafuta usiku kucha. Ndiyo maana anayetaka kutoa albamu ya mkusanyiko ya mpiga kinanda wa Kisumu, Siaya au Kakamega, iwe ni ohangla iliyoongezewa kinanda, injili au ala tupu, anapaswa kuzijua mashine za mtu huyo kabla hajaanza kubishana kuhusu nyimbo zipi ziingie. Orodha ya nyimbo ni kazi ya jioni moja. Kazi ya mashine ni ya miezi.

Anza kwa kuuliza familia na wanabendi maswali makavu. Alipiga kinanda gani, na kuanzia mwaka gani? Kilitumia betri au stima? Mapigo ya ngoma yalitoka ndani ya kinanda au kwenye kisanduku cha pembeni? Kinanda chenyewe kiko wapi sasa, hata kama kimekufa? Kinanda kilichokufa kinaweza kufufuliwa na fundi kwa ugavi mpya wa umeme na kusafishwa kwa vibonye, na kikiwaka hata kwa siku moja kitakupa mambo mawili ambayo hakuna kumbukumbu ya mtu inayoweza kukupa: kimo kamili cha noti zake, na kasi kamili ya mapigo yaliyowekwa kiwandani.

Hapa tofauti ya zamani na mpya ni kubwa. Sintesaiza za analogi za miaka ya sabini hupanda na kushuka noti kadiri joto linavyobadilika, kwa hiyo noti iliyosogea kidogo inaweza kuwa ya kweli kabisa, hasa kwa kinanda kilichopigwa mchana wa Kisumu chini ya turubai. Vinanda vya kidijitali, kama vile Casio na Yamaha PSR vilivyojaa kwetu, kwa kawaida huongozwa na fuwele ya kwatsi na havisogei. Ukikuta wimbo wa PSR uko juu kwa asilimia 3, ambayo ni kama nusu ya nusu toni, kosa ni la kanda. Angalia kitu kimoja tu: kibonye cha kuhamisha noti husogeza kwa nusu toni nzima nzima, yaani karibu asilimia 6 kila hatua. Tofauti ya nusu toni kamili inaweza kuwa uamuzi wa mpigaji ili kumfuata mwimbaji. Tofauti yenye kipande cha nusu toni ndani yake karibu kila mara ni kanda, isipokuwa kama kitufe cha kurekebisha noti kidogo kidogo kilichezewa. Na hicho utakijua kwa kuwa nyimbo zote za kikao kile zitakuwa zimesogea sawasawa.

Kwa waliotumia PSR za diski laini, tafuta hizo diski hata kama zina vumbi. Sukuma kile kidirisha cha kona mpaka tundu libaki wazi, ili kompyuta isiandike chochote juu yake, kisha zisome kwa kisomeo cha USB. Kompyuta ikikuuliza kama ungependa kuiformati, kataa. Faili ya MIDI iliyomo ndani, ambayo ni maagizo ya noti na si sauti yenyewe, huwa na kasi iliyoandikwa kwa tarakimu: kama faili inasema mapigo 128 kwa dakika na kaseti inasoma karibu 132, kaseti inakimbia kwa asilimia 3 na umepata kipimo chako. Usishawishike kuipiga upya faili hiyo na kuiita wimbo wa awali. Sauti itakuwa safi, lakini itakuwa rekodi ya mwaka huu.

Ambapo hakuna diski wala kinanda, mvumo wa stima ndio rula yako. Stima ya Kenya huenda kwa hezi 50, na rekodi nyingi za studio ndogo zimeachiwa mvumo huo chini kabisa. Chukua sekunde 5 hadi 10 za ukimya kabla ya wimbo kuanza, uzifungue kwenye kichanganuzi cha masafa cha Audacity, programu isiyo na malipo. Usisome kwenye hezi 50 zenyewe, kwa sababu pale asilimia 3 ni hezi moja na nusu na macho yatakudanganya. Soma kwenye kizidisho cha tano, hezi 250, ambapo kosa lile lile ni hezi 7.5. Kisha simamisha kanda uache deki ikiwaka: mvumo utakaobaki ni wa deki yako au nyaya zako, wala haukuhusu. Ukikuta mivumo miwili au mitatu iliyoachana kidogo, kanda hiyo ni nakala ya nakala, na kila deki iliyopita imeacha mvumo wake.

Kipimo hiki kina mtego mmoja, na kwetu ni mtego wa kila wiki. Rekodi iliyofanyiwa matangani mara nyingi ilitumia jenereta. Jenereta ndogo haikai kwenye hezi 50. Hushuka ngoma zikilia na taa zote zikiwaka, kisha hupanda mzigo ukipungua. Ukirekebisha kasi ya kanda kwa mvumo wa jenereta utaiharibu rekodi iliyokuwa sawa. Dalili ni kwamba mvumo unacheza ilhali mapigo ya ngoma ya kinanda hayachezi. Kinyume chake ni redio kaseti ya betri zilizochoka: wakati wa kunasa iligeuka polepole zaidi na zaidi, kwa hiyo ukiicheza leo kwenye deki nzima, wimbo unapanda taratibu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapo tumia mapigo ya mashine kama saa, upime kasi kila baada ya nusu dakika, na urekebishe kwa mteremko badala ya namba moja.

Sasa kaseti zenyewe. Kwa kila wimbo kusanya nakala zote unazoweza kupata kabla hujachagua: masta (kanda ya kwanza ya studio) kama ipo, kaseti ya dukani, nakala ya jirani, iliyonaswa redioni. Masoko kama Kibuye bado hutoa vitu, na kabati za nyumbani hutoa zaidi. Nakala iliyopita deki mbili tatu hupoteza sauti za juu, na ile iliyonakiliwa kwa kasi maradufu kwenye redio ya kaseti mbili hupoteza zaidi. Usichague kwa macho. Kaseti yenye jalada zuri lililochapwa mara nyingi imechezwa mpaka ikachakaa, na ile isiyo na jina iliyosahaulika mvunguni ikawa ndiyo nzima.

Joto na unyevu wa ziwa huleta kuvu, ukungu mweupe unaoonekana kwenye ukingo wa kanda kupitia kile kidirisha. Kaseti ya namna hiyo isiingie kwenye deki yoyote, maana itaambukiza nyingine zote. Ifungie kwenye chombo kikavu chenye vifuko vya silika kwa siku kadhaa, kisha uifute nje ya nyumba ukiwa umevaa barakoa. Kile kipande kidogo cha felti kinachoisukuma kanda kwenye kichwa cha deki huanguka gundi ikizeeka. Bila hicho sauti hufifia na kupotea upande mmoja. Toa kingine kwenye kaseti ya mahubiri isiyo na thamani, na kama kasha limegundishwa badala ya kufungwa kwa skrubu tano, hamishia kanda yote kwenye kasha jipya la skrubu. Kanda za dakika 90 ni nyembamba kuliko za 60, karibu mikroni 12 dhidi ya 18, na hukunjika ukiharakisha.

Safisha kichwa cha deki kwa pamba ya masikio na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya rangi inayouzwa dukani ina maji na rangi, na huacha utando. Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka: pembe ya kichwa. Kila deki iliyonasa ilikuwa na pembe yake, na kama yako haiafikiani nayo, sauti za juu hufa. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo yenye springi. Changanya chaneli mbili ziwe moja, sikiliza matoazi ya mashine, na ugeuze skrubu kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko au chini yake, kushoto na kulia, hadi matoazi yang'ae kabisa. Fanya hivyo kwa kila kaseti na kwa kila upande. Ukiona umelazimika kugeuza zaidi ya robo, angalia kwanza kama kasha limepinda. Dolby, kile kipunguza shhh cha deki, iache imezimwa mpaka uwe na hakika kanda ilinaswa nayo. Nakala nyingi za mtaani hazikuwa nayo, na ukiiwasha unafunika wimbo blanketi.

Ingiza kwenye kompyuta kwa biti 24 na kilohezi 96, kilele cha juu kisipite desibeli 6 chini ya kikomo. Saa moja ya stereo ni kama gigabaiti 2, kwa hiyo kaseti 40 za dakika 60 zitakula kama 83. Tumia UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukipotea. Stima ikikatika katikati, faili iliyokuwa haijafungwa mara nyingi haifunguki tena, na kanda dhaifu haipendi kurudiwa.

Santuri za 45 zina tabia zake. Wimbo wa benga mara nyingi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande wa A na ya pili upande wa B, kwa kuwa upande mmoja haukutosha utamu wote wa gitaa mwishoni. Unapounganisha, pima kasi ya kila upande kwanza. Pande hizo mbili hazikuchakaa sawa na huenda hazikukatwa kwa kasi moja, hivyo ukiziunga bila kupima noti itaruka katikati ya ngoma. Ungio liwe juu ya pigo zito, la milisekunde 10 hadi 30. Likiwa refu zaidi mapigo mawili yatasikika kama farasi anayejikwaa. Noti ikiyumba mara moja kila sekunde 1.33, hiyo ni santuri ambayo tundu lake haliko katikati, kwani mizunguko 45 kwa dakika ndiyo inayotoa muda huo. Iyumbe kwa muda mwingine wowote, fikiria kinanda chenyewe kabla ya kufikiria kosa.

Kisha inakuja programu ya kusafisha sauti, na hapa ndipo albamu nyingi za muziki wa mashine zimeuawa. Programu ya kuondoa mikwaruzo hutafuta milio mifupi yenye ncha kali. Vijiti na rimu za kisanduku cha ngoma ni milio mifupi yenye ncha kali. Itavila, na utabaki na mdundo uliong'olewa meno. Programu ya kuondoa ile shhh ya kanda hujifunza kelele kutoka sehemu tulivu, kisha huitoa kote. Lakini matoazi na sneya za mashine za zamani zilitengenezwa kwa kelele ile ile, kutoka kwenye jenereta ya kelele nyeupe. Ukiisukuma zaidi ya desibeli chache, matoazi hugeuka maji yanayochuruzika. Na mvumo wa hezi 50? Noti ya G ya chini kwenye besi ni hezi 49. Kichujio kipana kitaichukua besi pamoja na mvumo, na wimbo wote wa G utasikika umekonda. Kichujio kiwe chembamba sana, na mara nyingi ni heri kuufuata mvumo kwenye vizidisho vya juu na kuiacha 50 ilivyo. Sisi tunaona afadhali msikilizaji asikie kanda kuliko asisikie ngoma.

Kuhusu kuchagua, kuna mifano miwili kutoka Afrika inayofaa kutazamwa. Francis Bebey wa Kamerun, aliyewahi kufanya kazi UNESCO mjini Paris, kisha akajinasia mwenyewe kinanda, sanza (kinanda cha vidole gumba) na mashine ya ngoma, alikusanyiwa na Born Bad Records mwaka 2012 kwa jina African Electronic Music 1975-1982. Jina lenyewe linasema ukomo wake: miaka saba, upande mmoja wa mtu mwenye pande nyingi. William Onyeabor wa Enugu alitoa albamu nane kati ya 1977 na 1985 kwa lebo yake mwenyewe, akaokoka, na hakutaka tena kuzungumzia muziki huo. Luaka Bop ilitoa mkusanyiko wake mwaka 2013. Kwa mtu asiyesema, santuri zenyewe ndizo ushahidi. Hapa Kenya, KMRU, mwanamuziki wa elektroniki, amekuwa akitoa upya nyimbo za babu yake Joseph Kamaru, na amefanya vizuri kuzitoa zikiwa kazi za babu, wala si malighafi ya mjukuu.

Tungeshauri mpangilio ufuate miaka, kwa sababu mashine zilibadilika na sikio litaelewa kwa nini mtindo ulibadilika nazo. Lakini santuri ina masharti. Upande mmoja wa LP hubeba dakika 18 hadi 20 kwa sauti nzuri. Ukipita 22 lazima kila kitu kishushwe, na besi ya mashine ndiyo mlaji mkubwa wa nafasi. Kwa pande zote mbili, nyimbo za dakika saba saba zitaingia tano, kwa shida sita. Tena mfereji wa ndani karibu na lebo hupoteza sauti za juu, kwa hiyo wimbo wenye matoazi makali usiwe wa mwisho upande wowote, hata kama tarehe zinataka hivyo. Ndani ya upande, vunja mpangilio wa miaka bila kusita.

Usikate pakruok. Mtayarishaji asiyejua Dholuo husikia mtu akijisifu na kutaja majina kwa dakika mbili huku kinanda kikizunguka, akaona pa kupunguzia. Pale ndipo wimbo unapojitaja tarehe: mwalimu fulani, chifu fulani, duka lililokuwepo miaka michache tu. Kwa rekodi isiyo na lebo, hiyo ndiyo lebo.

Haki zina tabaka tatu: mtunzi, waliopiga, na aliyegharamia rekodi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi hulindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi miaka 50 baada ya mwaka iliponaswa. Kwa hiyo rekodi ya 1974 imeshatoka kwenye ulinzi, ilhali wimbo ulio ndani yake huenda bado una wenyewe. Mtunzi akiwa amefariki, sahihi ya kifungua mimba haitoshi. Hakimiliki ni sehemu ya mirathi, na mwenye hati ya mahakama ya kusimamia mirathi ndiye wa kutia sahihi. Kwenye boma la nyumba mbili au tatu, kila nyumba ionyeshwe mkataba kabla, la sivyo albamu itasimama siku ya uzinduzi. Ni shirika gani la kukusanya mirabaha lina leseni mwaka huo, waulize KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kwani hilo hubadilika.

Katika kijitabu cha maelezo andika kinanda kwa jina na modeli, namba ya mapigo ya kiwandani yaliyotumika kama unaijua, nakala iliyotumika kwa kila wimbo, na asilimia uliyorekebisha kasi. Majina ya nyimbo yaandikwe kama yalivyochapwa mwanzo, makosa ya tahajia yakiwemo, kisha tahajia sahihi pembeni. Na kabla ya kupeleka kiwandani, ipe familia flashi yenye kila kitu kilichoingizwa kikiwa ghafi, pamoja na nyimbo zilizoachwa. Kutoka kwenye flashi hiyo ndipo shangazi atasema huyo anayepiga orutu, fidla ya uzi mmoja, kwenye wimbo wa nne siye uliyemwandika, nawe utakuwa bado una nafasi ya kubadilisha jina.